Tezi za Kifua na Ushahidi wa Hadubini: Upimaji wa Uenezi wa Saratani ya Mapafu kwa Mgonjwa wa Rungwe

Upasuaji wa saratani ya mapafu humfaa mgonjwa endapo ugonjwa wote umo ndani ya eneo ambalo mpasuaji anaweza kuliondoa na kumwachia pafu la kutosha kupumulia. Ugonjwa ukiwa umeshalivuka eneo hilo, mgonjwa hupasuliwa kifua, hupoteza sehemu ya pafu lake, huvumilia maumivu ya mbavu kwa miezi, na baada ya yote hayo hubaki na saratani ileile aliyoingia nayo hospitalini. Ndiyo maana wapasuaji wa kifua hujishughulisha mno na kuutafuta mpaka wa ugonjwa, na kazi hiyo huanza majuma kadhaa kabla ya upasuaji, huendelea kifua kikiwa wazi, na hukamilika siku kadhaa baada ya jeraha kufungwa, pale daktari wa patholojia, yaani mtaalamu anayechunguza nyama za mwili kwa hadubini, anapotoa majibu yake.

Mhadhara huu unaieleza kazi hiyo kwa kumfikiria mgonjwa wa Kinyala, wa mjini Tukuyu au wa kijiji kingine cha Wilaya ya Rungwe, ambako kikohozi kina sababu nyingi kabla hakijafikiriwa kuwa saratani. Kuna baridi na ukungu wa miezi ya Juni na Julai, kuna moshi wa kuni katika majiko yasiyo na madirisha, kuna tumbaku, na juu ya yote kuna kifua kikuu, kwa kuwa Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Mtu anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi hupimwa makohozi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Matatizo huanza pale makohozi yasipoonyesha vimelea ilhali picha ya eksirei ina kivuli, maana mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa miezi 6 huku uvimbe ukikua, na taarifa za hospitali nyingi barani Afrika zimeonyesha kuwa wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu walipita kwanza njia hiyo. Kosa la upande wa pili husemwa mara chache zaidi ingawa nalo lina madhara makubwa: mgonjwa mwenye saratani ndogo inayoweza kuondolewa huambiwa kuwa ugonjwa umeshaenea, kwa sababu tezi za kifua chake zimevimba katika picha, kumbe tezi hizo zina makovu ya kifua kikuu cha zamani. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba katika nchi yenye kifua kikuu kingi, picha peke yake, hata ikipigwa kwa mashine ya gharama kubwa, haitoshi kumnyima mgonjwa upasuaji wala kumpeleka kwenye upasuaji, na uamuzi unapaswa kusubiri kipande cha nyama kilichotolewa mahali panapotiliwa shaka.

Uenezi wa saratani hii hufuata maumbile ya kifua. Pafu la kulia lina mapande matatu na la kushoto lina mawili, na kila pande lina bomba lake la hewa na mishipa yake ya damu, jambo linalomwezesha mpasuaji kuondoa pande moja bila kuyaharibu mengine. Sambamba na mabomba hayo hupita mishipa myembamba ya limfu, yaani majimaji yanayokusanywa kutoka katika nyama za mwili na kurudishwa kwenye damu, na njiani mwake zimo tezi ndogondogo zinazoyachuja. Kama maji ya miteremko ya Mlima Rungwe yanavyoshuka kwa vijito hadi Mto Kiwira na hatimaye Ziwa Nyasa, ndivyo limfu inavyotoka pembezoni mwa pafu kuelekea shina la pafu, na kutoka hapo kuingia mediastinamu, yaani nafasi iliyo katikati ya mapafu mawili, ambamo umo moyo, mishipa mikubwa ya damu, bomba kuu la hewa na umio. Chembe za saratani zinapong'oka katika uvimbe mara nyingi husafiri kwa njia hiyohiyo, kwanza kwenye tezi za ndani ya pafu, kisha za shina lake, kisha za mediastinamu, na mwishoni za juu ya mfupa wa mtulinga. Hata hivyo mwili haufuati utaratibu huo siku zote, kwani chembe huweza kuziruka tezi za karibu na kuonekana kwanza katikati ya kifua, na limfu ya pande la chini la pafu la kushoto huweza kuvuka na kuingia tezi za upande wa kulia. Mpasuaji anayezikagua tezi za karibu tu na kuzikuta safi hajapata jibu kamili.

Ili madaktari wa nchi mbalimbali wazungumzie tezi zilezile, mpasuaji wa Japani Tsuguo Naruke alichapisha mwaka 1978 ramani iliyozipa tezi za kifua namba kulingana na mahali zilipo, na mwaka 2009 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Saratani ya Mapafu kilitoa ramani moja iliyopatanisha zile zilizokuwa zikitumika Japani na nchi za Magharibi. Namba 1 ni tezi za chini ya shingo na juu ya mtulinga, namba 2 hadi 9 ni za mediastinamu, na namba 10 hadi 14 ni za shina la pafu na za ndani yake. Namba 7, iliyo chini ya mahali ambapo bomba kuu la hewa hugawanyika kwenda mapafu mawili, itatajwa tena, kwa kuwa ni njia panda inayopokea limfu kutoka pande zote mbili.

Ramani hiyo ni sehemu ya mfumo mpana wa kuzipanga hatua za saratani uitwao TNM, ambao asili yake ni kazi ya daktari Mfaransa Pierre Denoix katika miaka ya 1940. Herufi T hueleza uvimbe wenyewe, N hueleza tezi za limfu, na M hueleza uenezi wa mbali. Uvimbe usiozidi sentimita 3 uliozungukwa na pafu huitwa T1, ule unaozidi 3 hadi 5 huitwa T2, unaozidi 5 hadi 7 huitwa T3, na unaozidi 7 huitwa T4. Lakini ukubwa si kigezo pekee, kwa sababu hata uvimbe mdogo ukivamia ukuta wa kifua huhesabiwa T3, na ukivamia moyo, umio, uti wa mgongo au mishipa mikubwa huhesabiwa T4. Kwa upande wa tezi, N0 ni kutokuwepo kwa saratani katika tezi yoyote, N1 ni saratani katika tezi za pafu lenye uvimbe na shina lake, N2 ni saratani katika tezi za mediastinamu za upande uleule au zile za namba 7, na N3 ni saratani katika tezi za upande wa pili au za juu ya mtulinga. Toleo la 9 la mfumo huu, lililoanza kutumika Januari 2025, limeigawa N2 katika makundi mawili, la kwanza likiwa na wagonjwa ambao saratani imefika kituo kimoja tu cha tezi na la pili wale ambao imefika vituo kadhaa, kwa kuwa matarajio yao hayafanani.

Herufi hizo tatu zikiunganishwa hutoa hatua ya ugonjwa, kuanzia I hadi IV, na tofauti za hatua hizo ni kubwa. Katika takwimu zilizotumika kutengeneza toleo la 8, wagonjwa waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 92 kwa hatua ya mwanzo kabisa, asilimia 53 kwa hatua ya IIB, asilimia 36 kwa hatua ya IIIA na asilimia 10 kwa hatua ya IVA. Takwimu hizo zilitokana na wagonjwa 94,708 wa nchi 16, ambao kati yao 46,560 walikuwa wa Ulaya, 41,705 wa Asia, 4,660 wa Amerika Kaskazini, 1,593 wa Australia na 190 wa Amerika Kusini. Afrika haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Pengo hilo haliubatilishi mfumo, maana uvimbe huvamia nyama za mwili kwa namna ileile popote, lakini linawataka madaktari wa Afrika Mashariki wawe waangalifu wanapoazima vipimo vilivyozoeleka katika nchi ambazo tezi iliyovimba mara nyingi ni saratani.

Kipimo cha kwanza cha uenezi hakihitaji mashine. Daktari au tabibu wa zahanati anayepapasa shingo ya mgonjwa na kukuta tezi ngumu juu ya mtulinga amegundua jambo linaloweza kubadilisha safari nzima, kwani tezi hiyo ikichomwa sindano na kukutwa na chembe za saratani, ugonjwa umefika N3 na upasuaji wa pafu hauna nafasi tena, na mgonjwa huepushwa gharama za vipimo vya ndani vyenye hatari zaidi. Sauti iliyokauka kwa majuma mengi huashiria kuwa mshipa wa fahamu wa sauti, unaopita karibu na mshipa mkuu wa damu upande wa kushoto wa kifua, umebanwa au umevamiwa. Uso na shingo vikivimba huku mishipa ya kifuani ikitokeza, mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani umezibwa. Maumivu ya mfupa mmoja yasiyotulia, kichwa kinachouma na kutapisha asubuhi, na kukonda kwa haraka ni dalili zinazopaswa kuandikwa katika barua ya rufaa inayotoka Hospitali ya Wilaya pale Makandana au Hospitali ya Igogwe kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kwa sababu barua inayosema tu kwamba mgonjwa ana kivuli kifuani humlazimisha daktari wa Mbeya kuanza upya.

Maji yanayojaa baina ya pafu na ukuta wa kifua yanahitaji uangalifu wa pekee. Yakiwa na chembe za saratani, ugonjwa huhesabiwa kuwa umeenea, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo, na kisu huwekwa kando. Katika nyanda za juu kusini, hata hivyo, maji ya kifua yanaweza kabisa kuwa ya kifua kikuu, na kwa hiyo hutolewa kwa sindano na kupelekwa maabara mbili, moja ya kutafuta chembe za saratani na nyingine ya kutafuta vimelea. Yakionekana safi ilhali shaka ingalipo, mpasuaji huweza kuingiza kamera nyembamba kati ya mbavu, akauona utando wa mapafu kwa macho na kukata vipande mahali palipobadilika.

Picha ya CT scan, inayoonyesha kifua kwa vipande vyembamba kimoja baada ya kingine, ndiyo msingi wa upimaji wote unaofuata. Huonyesha ukubwa wa uvimbe, ujirani wake na mishipa mikubwa, vivimbe vingine katika mapande mengine, na hali ya ini na tezi zilizo juu ya figo, ambazo ni mahali saratani ya mapafu hupenda kuhamia. Udhaifu wake uko kwenye tezi za limfu. Kwa kawaida tezi ambayo kipimo chake kifupi kinazidi sentimita 1 huitwa tezi kubwa na kutiliwa shaka, ilhali ukubwa hauelezi kilichomo ndani, maana tezi ya milimita 7 inaweza kuwa na saratani na ya sentimita 2 inaweza kuwa na kovu la kifua kikuu lililotulia tangu ujana wa mgonjwa.

Katika nchi tajiri upungufu huo hupunguzwa kwa skani ya PET, ambayo kwayo mgonjwa hudungwa sukari iliyofungamanishwa na elementi ya mionzi iitwayo florini-18, kisha mashine huonyesha mahali chembe zinazoila sukari hiyo kwa pupa zilipo. Afrika Mashariki haikosi mashine hiyo, kwani Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi inayo, lakini florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, kwa hiyo sukari hiyo haiwezi kuwekwa akiba wala kusafirishwa hata kwa barabara ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ikafika ikiwa na nguvu ya kutosha. Ni mgonjwa anayepaswa kuifuata. Na akishaifuata hukutana na tatizo lilelile, kwa sababu chembe za kinga zinazopigana na vimelea vya kifua kikuu nazo hula sukari kwa wingi, na tezi yenye kifua kikuu hung'aa kama inavyong'aa ile yenye saratani. Faida kubwa ya skani hiyo ni kufichua uenezi wa mbali usiotarajiwa, katika mfupa au katika ini, na hata huko doa moja linalong'aa halifai kuitwa saratani bila uthibitisho. Ubongo nao hula sukari nyingi kwa asili yake, kwa hiyo PET haiuonyeshi vizuri, na mgonjwa ambaye ugonjwa wake umevuka hatua ya mwanzo huhitaji MRI au CT scan ya kichwa.

Hapo ndipo kazi ya kutoa kipande cha nyama, ambayo wagonjwa wengi huijua kwa kusikia kuwa fulani amechukuliwa kinyama, inapopata uzito wake. Njia kongwe ya kuzifikia tezi za mediastinamu ilielezwa mwaka 1959 na Eric Carlens wa Stockholm: mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, hukatwa jeraha dogo juu kidogo ya mfupa wa kidari, na mrija wenye taa hupitishwa mbele ya bomba la hewa hadi kwenye tezi za namba 2, 4 na 7, ambazo hukatwa vipande na kutolewa. Njia mpya zaidi, iliyoenea katika miaka ya 2000, hutumia mrija unaopitishwa mdomoni hadi ndani ya bomba la hewa, ukiwa na kifaa cha mawimbi ya sauti kwenye ncha yake kinachoonyesha tezi zilizo nyuma ya ukuta wa bomba, na sindano nyembamba hupenya ukuta huo na kufyonza chembe bila jeraha lolote la nje. Njia hii ya pili humchosha mgonjwa kidogo zaidi na hufika hadi tezi za shina la pafu, lakini chombo chake ni ghali, sindano zake hazitakiwi kurudiwa, na majibu yake hutegemea mtaalamu wa kusoma chembe moja moja. Kwa hospitali ya kanda nchini Tanzania yenye thieta nzuri, mtoa dawa ya usingizi hodari na mpasuaji wa kifua, njia ya Carlens haipaswi kudharauliwa kwa sababu ya umri wake: chombo chake ni cha chuma, hutakaswa kwa mvuke na kutumika tena kwa miaka mingi, na hutoa kipande kikubwa cha kutosha kugawanywa. Sharti lake ni kwamba timu iwe tayari kufungua kifua papo hapo, kwa kuwa mishipa mikubwa ya damu iko jirani na mkato.

Kugawanya kipande ni jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya hulipita haraka, lakini kwa Rungwe ni kiini cha kazi. Sehemu moja ya tezi huwekwa katika formalini, dawa inayoizuia isioze na kuiandaa kwa hadubini, na sehemu nyingine huwekwa katika maji safi ya chumvi bila formalini na kupelekwa maabara ya kifua kikuu kwa kipimo cha vinasaba vya vimelea na kwa kuotesha, maana formalini huua vimelea na kuondoa uwezekano wa kuviotesha. Tezi yote ikitumbukizwa katika formalini kwa mazoea, na hadubini isipoona saratani, swali la kifua kikuu hubaki bila jibu la uhakika. Pia haifai kuridhika mara kifua kikuu kinapopatikana, kwa sababu magonjwa hayo mawili huweza kukaa katika kifua kimoja, na hata katika tezi moja.

Si kila mgonjwa anayehitaji kuchunguzwa tezi kwa njia hizo kabla ya upasuaji. Uvimbe mdogo ulio pembezoni mwa pafu, kwa mgonjwa ambaye picha zake hazionyeshi tezi yoyote ya kutilia shaka, huweza kwenda moja kwa moja thieta; ule unaozidi sentimita 3, ulio karibu na katikati ya kifua, au unaoambatana na tezi zenye shaka, huhitaji ushahidi wa hadubini kwanza. Aina ya saratani nayo hutakiwa kujulikana mapema, kwa kuwa aina ya chembe ndogo, ambayo ni kama 15 katika kila 100 ya saratani za mapafu duniani, huenea haraka na kwa kawaida hutibiwa kwa dawa na mionzi.

Kabla ya siku ya upasuaji mgonjwa na ndugu zake wanapaswa kuelezwa, kwa Kiswahili au kwa Kinyakyusa ikiwa ndiyo lugha anayoielewa vizuri, kwamba mpango unaweza kubadilika kifua kikishafunguliwa, na kwamba upo uwezekano wa mpasuaji kukifunga bila kuondoa chochote. Familia ambayo imeuza ng'ombe na mikungu ya ndizi ili kulipia safari ya Dar es Salaam ina haki ya kulijua jambo hilo mapema.

Historia yenyewe ya upasuaji huu ilianza kwa mabadiliko ya namna hiyo. Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Marekani, Evarts Graham alimfungua kifua daktari mwenzake kwa nia ya kuondoa pande moja la pafu la kushoto, na alipoona kuwa kuondoa pande hilo pekee kungeacha saratani aliliondoa pafu zima, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanikiwa kwa mgonjwa wa saratani. Mgonjwa huyo aliishi miaka 30 zaidi. Graham mwenyewe, ambaye mwaka 1950 alichapisha pamoja na Ernst Wynder utafiti uliohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu, alifariki kwa ugonjwa huohuo mwaka 1957.

Mpasuaji wa leo anapofungua kifua, ama kwa mkato mrefu kati ya mbavu, ama kwa matundu madogo na kamera, huanza kwa kutazama kabla ya kukata. Hukagua utando wote wa mapafu na kiwambo, na akiona vijipele vya kutilia shaka hukata kimoja na kukipeleka kwa daktari wa patholojia, maana kikiwa na saratani upasuaji husimama hapo. Wapo wanaomimina maji ya chumvi kifuani na kuyakusanya kabla ya kuligusa pafu, ili kutafuta chembe zilizokwisha kumwagika. Kisha pafu hupapaswa taratibu, pande kwa pande, kwa kuwa vidole vyenye uzoefu hugundua vivimbe vidogo ambavyo picha haikuvionyesha.

Makovu ya kifua kikuu hurudi tena hapa kwa sura nyingine. Pafu la mtu aliyewahi kuugua mara nyingi limeganda kwenye ukuta wa kifua, na uvimbe ulio mahali hapo unapokataa kubanduka mpasuaji hana njia ya kujua kwa macho kama ameshikwa na kovu la zamani au na saratani inayoingia kwenye mbavu. Akibandua kwa nguvu na kumbe ni saratani, huupasua uvimbe na kumwaga chembe zake kifuani. Desturi salama ni kukata kipande cha ukuta wa kifua pamoja na pafu, kikitoka kwa umoja wake, pale shaka inapokuwa kubwa. Tezi nazo, zilizogeuka ngumu kwa chokaa ya kifua kikuu kilichopona, huweza kushikamana na mshipa mkubwa wa damu wa pafu kiasi kwamba kuzing'oa kunahatarisha uhai, na mpasuaji mwenye busara huudhibiti kwanza mshipa huo karibu na chanzo chake, kabla hajaigusa tezi.

Ukaguzi wa tezi wakati wa upasuaji ndio unaotenganisha kazi kamili na kazi pungufu. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni kutoa tezi za vituo visivyopungua vitatu vya mediastinamu, namba 7 ikiwa mojawapo, pamoja na tezi za shina la pafu na za ndani yake, na kila kituo kuwekwa katika chupa yake yenye namba. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani na Canada uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 1,000, ambao walichukuliwa sampuli za tezi, kisha nusu yao wakaondolewa tezi zote za upande ule, na makundi hayo mawili hayakutofautiana katika muda wa kuishi. Wapo wanaoyatumia matokeo hayo kuhalalisha uvivu. Wagonjwa wote wa utafiti ule walikuwa na ugonjwa wa hatua za mwanzo na walikwisha kukaguliwa kwa uangalifu, kituo kwa kituo, kabla ya kugawanywa, kwa hiyo utafiti haukusema kwamba tezi zinaweza kuachwa bila kuguswa. Mgonjwa aliyeondolewa uvimbe bila tezi huandikiwa hatua ya ugonjwa ambayo hakuna aliyeithibitisha, na huenda akanyimwa dawa ambazo zingemwongezea miaka.

Maamuzi mengine hayawezi kusubiri siku kadhaa. Ncha ya bomba la hewa lililokatwa, tezi inayotiliwa shaka, au uvimbe ambao haukuwahi kuthibitishwa kuwa saratani hupelekwa maabara papo hapo, hugandishwa kwa baridi kali, hukatwa vipande vyembamba na kusomwa ndani ya nusu saa hivi wakati mgonjwa yungali usingizini. Panapokosekana mashine ya kugandisha, kipande huweza kugusishwa kwenye kioo na chembe zinazobaki zikapakwa rangi na kusomwa, njia yenye uhakika mdogo kidogo lakini inayohitaji tu daktari wa patholojia aliye tayari karibu na thieta. Umuhimu wa majibu ya haraka umeongezeka tangu utafiti wa Japani wa mwaka 2022 uonyeshe kuwa uvimbe wa pembezoni usiozidi sentimita 2 unaweza kuondolewa pamoja na kipande tu cha pande la pafu, kwani uamuzi huo huwa salama pale tezi zinapothibitishwa kuwa safi.

Baada ya upasuaji pafu lililotolewa hujazwa formalini kupitia bomba lake la hewa ili lisinywee, na kuachwa lilowe. Njiani kutoka thieta hadi maabara, ambapo mara nyingine ndugu wa mgonjwa ndio hubeba chupa, maandishi yanayofutika huweza kuharibu kazi ya saa nne, na kalamu ya wino usioyeyuka ni kifaa cha upimaji sawa na vingine. Daktari wa patholojia hupima uvimbe upya, huangalia kama umeupenya utando wa pafu, hutafuta chembe zilizosambaa katika vijifuko vya hewa mbali na uvimbe, huhesabu tezi zenye saratani kwa kila kituo, na huangalia kingo za mkato. Kingo zikiwa safi hata kwa hadubini, upasuaji huitwa R0. Zikiwa na chembe zinazoonekana kwa hadubini tu huitwa R1. Na ugonjwa uliobaki ukionekana kwa macho huitwa R2. Lipo pia kundi la wale ambao kingo zao ni safi lakini tezi hazikukaguliwa ipasavyo, au tezi ya juu kabisa iliyotolewa ilikutwa na saratani, nao huandikwa kuwa ukamilifu wa upasuaji wao hauna hakika. Hatua mpya inayopatikana hapo huandikwa kwa herufi p mbele yake, kuitofautisha na ile ya kabla ya upasuaji iandikwayo kwa c, na si ajabu mbili hizo zikatofautiana, kwa kuwa tezi zilizoonekana tulivu katika picha hukutwa na saratani chini ya hadubini.

Tofauti hiyo hubadilisha matibabu. Mgonjwa aliyekutwa na saratani katika tezi hushauriwa kupata dawa za kemo baada ya kupona jeraha, na mwenye kingo zisizo safi huweza kuhitaji mionzi, na kwa mtu wa nyanda za juu kusini jambo hilo limemaanisha safari nyingine ndefu, mara nyingi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Anaporudi nyumbani, karatasi inayomrudisha kwa daktari wa Tukuyu inafaa itaje hatua ya pTNM, vituo vya tezi vilivyotolewa kwa namba zake, hali ya kingo, na iwapo kifua kikuu kilipatikana katika tezi yoyote. Ukaguzi wa kila miezi 6 kwa miaka 2 hadi 3 ya mwanzo, kwa CT scan pale inapowezekana, kisha wa kila mwaka, ndio utaratibu wa kawaida, pamoja na kupapaswa shingo kila anapohudhuria. Akirudi na kikohozi kipya apimwe makohozi kama mkazi mwingine yeyote wa wilaya, na kivuli kipya kikionekana kitolewe sampuli yake kabla hakijaitwa saratani iliyorudi au kifua kikuu kilichoanza upya.